Kadi ya Gretzky, na Bei ya Gretzky Mwenyewe

Wacha nianze na bei. Mei 2021 kadi moja ya karatasi ngumu, saizi ile ya kadi za karata, iliuzwa dola milioni 3.75. Kadi ya hoki! Na si hoki ya nyasi ya mashuleni. Ni ile ya barafu, wasee wamevaa viatu vya visu wanagongana kwa ukuta.

Kadi yenyewe ni ya 1979. O-Pee-Chee, kampuni ya Kanada, iliuza pakiti za kadi na chingamu ndani yake. Watoto walizifunga rababendi, wengine wakazibana kwa spoku za baiskeli zitoe mlio wa pikipiki. Hii ya Gretzky ina ukingo wa bluu. Ikikwaruzwa kidogo tu, weupe unaonekana. Halafu kiwandani walikata kwa waya, kwa hivyo nyingi zilitoka na kingo mbovu hata kabla mtoto hajazigusa. Ndiyo maana wakati wa mauzo hayo ni 2 tu zilikuwa zimepewa 10 kwa 10 na wapimaji wa PSA.

Wakusanyaji wanailipia hivyo kwa sababu ni kadi ya msimu wake wa kwanza. Sasa cheka kidogo. Ligi ya NHL yenyewe ilikataa kumhesabu Wayne Gretzky kama mgeni, ati alikuwa amecheza ligi pinzani ya WHA. Alimaliza msimu huo na alama 137, sawa na Marcel Dionne kileleni, na bado tuzo ya wachezaji wapya hakuruhusiwa hata kuiwania.

Lakini kitu kinanikwaza hapa si kadi kuuzwa. Ni vile jamaa mwenyewe aliuzwa.

1978, akiwa na miaka 17, alicheza mechi 8 tu Indianapolis, kisha mwenye timu akaishiwa na pesa na kumuuza Edmonton pamoja na wenzake 2. Siku alipotimiza miaka 18 alisaini mkataba wa miaka 21, katikati ya uwanja, watu wakitazama. Miaka 21! Wewe ukiwa 18 ulijua utakuwa wapi wiki ijayo?

Na akalipa deni lote. Mabao 92 msimu wa 1981-82. Alama 215 msimu wa 1985-86. Vikombe 4 vya Stanley. Miezi michache baada ya kile cha 1988, tarehe 9 Agosti, Edmonton wakamuuza Los Angeles Kings kwa dola milioni 15, wachezaji na haki za kuchagua vijana wapya juu yake. Mbele ya kamera alisema ni yeye ameomba kuondoka, halafu akashindwa kumaliza kuongea kwa machozi. Mbunge mmoja alitaka serikali izuie mauzo. Mashabiki walichoma sanamu ya mwenye timu. Pesa ziliingia kwa mwenye timu huyo huyo.

Piga hesabu: bei ya kadi ni robo kamili ya bei ya mtu.

Kuna kipande kimoja watu husahau. Aliyemnunua kule Los Angeles ni Bruce McNall. Mwaka 1991 McNall na Gretzky walishirikiana kununua kadi ya zamani ya besiboli, ya Honus Wagner, kwa dola 451,000. Yaani aliyenunuliwa na mnunuzi wake, wakiwa sokoni pamoja. Baadaye McNall alifungwa jela kwa ulaghai wa mabenki, kesi tofauti kabisa.

Gretzky alistaafu Aprili 1999 akiwa New York, mwaka ule ule ambao mkataba wa miaka 21 ungeisha. Ile kadi ya Wagner alikuwa ameshaiuza zamani. Mwaka 2013 dalali aliyewahi kuimiliki, Bill Mastro, alikiri kwamba aliipunguza kingo kwa kuikata, ndiyo maana ilionekana safi hivyo.