Oveni ya Umeme Inapokataa: Namna ya Kupima na Kutengeneza Kidhibiti Chake Nyumbani

Oveni za zamani zilikuwa na swichi ya kuzungusha, themostati na koili. Kimoja kikiharibika, fundi alikijua upesi. Oveni nyingi zinazouzwa leo Maskati, Dubai, Doha na kwingineko katika Ghuba zina saa, vitufe vya kubonyeza, na bodi ya saketi nyuma yake. Bodi hiyo ndiyo kidhibiti: hupokea amri yako, hupima joto la ndani, kisha huwasha na kuzima koili.

Oveni ikikataa, hasa siku mbili kabla ya Idi wakati biskuti na mkate wa kumimina vinangoja, mtu huambiwa haraka kwamba "kompyuta imekufa, nunua bodi mpya". Bodi ni ghali, na aghalabu duka halikubali kuirudisha. Kwa hiyo kanuni ya kushika ni hii: bodi ihukumiwe mwisho, baada ya vitu rahisi kupimwa kimoja kimoja.

Kabla ya kushika bisibisi

Mambo matano yaangaliwe kwanza. Hayahitaji chombo chochote.

1. Saa. Baada ya umeme kukatika, saa humetameta 0:00, na oveni nyingi hazipashi joto mpaka saa itiwe upya.
2. Hali ya kujiendesha. Ikiwa mtu amebonyeza kitufe cha kupanga muda, oveni hungoja saa iliyopangwa. Tafuta kitufe chenye picha ya mkono au sufuria, ukibonyeze ili oveni irudi katika hali ya kawaida.
3. Kufuli ya watoto. Picha ya ufunguo au kufuli kwenye kioo ina maana vitufe vimefungwa. Kwa kawaida hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe chake kwa sekunde chache.
4. Hali ya maonyesho ya dukani. Taa na feni hufanya kazi lakini koili haipati moto. Kitabu cha oveni hueleza namna ya kuiondoa.
5. Breka. Zima breka ya oveni kwenye kisanduku cha umeme, ngoja dakika 5, uiwashe tena. Kidhibiti kilichoganda hurudi sawa kwa njia hii.

Herufi E au F yenye nambari ikitokea kwenye kioo, iandike. Kila kampuni ina maana zake, hivyo usitafsiri nambari ya oveni yako kwa kitabu cha oveni ya jirani.

Dalili na maana yake

Kioo kimezima kabisa: umeme haufiki, au swichi ya usalama ya joto iliyo nyuma ya oveni imekata, au sehemu ya bodi inayopunguza umeme imeharibika.

Kioo, taa na feni ni vizima lakini hakuna moto: koili imekatika, waya umeungua, au rilei ya bodi haifungi.

Joto halilingani na lililoandikwa: shuku kihisi joto, au mpira wa mlango uliochakaa.

Breka inakata umeme mara oveni ikianza kupata moto: koili inavuja umeme. Unga mweupe ulio ndani ya koili hunyonya unyevu, na jambo hili hutokea sana kwa familia zilizokwenda likizo ya kiangazi na kuiacha oveni miezi miwili katika hewa ya pwani.

Saa inafifia au inarudi 0:00 yenyewe: kapasita za bodi zimechoka.

Oveni inapata moto ikiwa imezimwa, au haiachi kupanda joto: rilei imegandana. Hili ni la hatari. Zima breka mara moja wala usiiwashe mpaka itengenezwe.

Kufungua kwa usalama

Umeme wa nyumba zetu hapa ni volti 230 hadi 240, nao unaua. Kuzima oveni kwa kitufe chake hakutoshi. Zima breka, bandika karatasi juu yake yenye maneno "Usiwashe", na waambie walio nyumbani. Jaribu mita kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme. Kisha, kwenye vituo vya nyaya za oveni, pima kati ya waya wa moto na nyutro, waya wa moto na ardhi, na nyutro na ardhi. Pote isome sifuri. Rudi ujaribu mita kwenye soketi ileile, uhakikishe kuwa haikufa katikati ya kazi. Baadaye ngoja dakika 10 nyingine ili kapasita za bodi zipoteze umeme uliobaki.

Oveni iliyojengwa ndani ya kabati ni nzito, itolewe na watu wawili. Piga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa. Na kama nyumba ni ya kupanga na oveni ni mali ya mwenye nyumba, au dhamana ya duka haijaisha, usifungue kitu: peleka taarifa kwa maandishi.

Vipimo vitatu vya mita

Weka mita kwenye kipimo cha ukinzani, yaani omu. Chomoa angalau waya mmoja wa kila kitu unachokipima, la sivyo utapima na jirani yake.

Koili. Ukinzani wake hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti, kisha kugawa kwa wati. Koili ya wati 2,000 kwa volti 240 isome karibu omu 29; ya wati 2,500, karibu omu 23; ya wati 1,000, karibu omu 58. Mita isiposogea kabisa, koili imekatika. Kisha pima kati ya mguu wa koili na bati la oveni: hapo mita isisogee hata kidogo. Ikisoma chochote, koili inavuja, ibadilishwe. Ikiwa haikusoma kitu na bado breka inakata, muite fundi mwenye mita ya volti 500, kwani mita ndogo haioni uvujaji mdogo.

Kihisi joto. Ni kijiti chembamba cha chuma kilichotokeza ndani ya oveni, aghalabu nyuma juu. Aina inayotumika sana ni ya platinamu, yenye omu 1,000 katika nyuzi 0, na huongezeka karibu omu 3.85 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Basi katika chumba chenye nyuzi 25 isome karibu omu 1,097. Ipo pia aina ya omu 500, ambayo hapo husoma karibu 548. Nyingine hupungua omu joto linapopanda, kwa hiyo tazama kitabu. Kishike kijiti kwa kiganja: tarakimu zisogee taratibu. Zikirukaruka, au mita isisome kitu, kihisi kimeharibika. Bei yake ni ndogo kuliko ya bodi, na hufungwa kwa skrubu moja au mbili.

Swichi ya usalama ya joto. Oveni ikiwa baridi, isome karibu na omu sifuri. Nyingine zina kitufe kidogo cha kurudisha. Ikikata mara kwa mara, tafuta sababu kwanza: feni ya kupoza imesimama, au matundu ya hewa yamejaa vumbi. Usiiunganishe moja kwa moja kwa waya ili kuiruka. Hiyo ndiyo inayozuia moto wa nyumba.

Kuitazama bodi

Ikiwa vipimo vyote vitatu ni vizuri na nyaya hazijaungua, sasa ishuku bodi. Itoe, uitazame mbele ya taa kali. Tafuta kapasita iliyovimba kichwa, alama nyeusi ya kuungua, fyuzi iliyokatika, na risasi iliyopasuka kwa duara kuzunguka miguu ya rilei. Rilei ni vile visanduku vidogo vinavyolia "tak" oveni inapowashwa. Ikilia na moto usije, ncha zake zimeungua au risasi yake imepasuka. Isipolia, amri haiifikii au rilei yenyewe imekufa.

Kuijua rilei iliyogandana, bodi ikiwa nje, pima kati ya ncha zake mbili nzito. Katika hali ya kupumzika mita isisome kitu. Ikisoma karibu na sifuri, imegandana.

Mwenye kujua kulehemu anaweza kurudishia risasi iliyopasuka, au kubadilisha rilei na kapasita. Sehemu mpya ilingane na ya zamani: rilei kwa volti za koili yake na ampea za ncha zake, kapasita kwa uwezo wake, na volti zisipungue. Asiyejua kulehemu aipeleke bodi peke yake kwa fundi wa vifaa vya elektroniki, badala ya kubeba oveni nzima.

Ukilazimika kununua bodi, nakili nambari yote iliyo kwenye kibandiko chake na ile ya mlango wa oveni. Angalia pia mzunguko wa umeme. Oman, Imarati, Qatar, Kuwait na Bahrain hutumia hezi 50. Saudi Arabia na Marekani hutumia hezi 60. Zipo saa za oveni zinazohesabu muda kwa mizunguko ya umeme. Saa kama hiyo iliyotengenezwa kwa hezi 60, ikitumika Maskati, itachelewa dakika 10 kila saa, na mkate uliopangiwa dakika 60 utakaa ndani dakika 72. Anayepeleka oveni Zanzibar kutoka Oman hana shida hiyo, kwani kote ni hezi 50.

Mahali pa kusimamisha mkono

Muite fundi ikiwa kipimo kinahitaji umeme uwe umewashwa, ikiwa vituo vya nyaya vimeyeyuka, au ikiwa oveni ni ya gesi. Ukisikia harufu ya gesi, funga valvu, fungua madirisha, wala usiguse swichi yoyote. Oveni yenye maikrowevu ndani yake usiifungue kamwe: kapasita yake hubaki na umeme wa volti nyingi hata baada ya plagi kuchomolewa.

Baada ya matengenezo, iwashe oveni tupu kwa nyuzi 180 kwa nusu saa, ukiwa karibu, na kipimajoto katikati ya rafu. Kupanda na kushuka nyuzi 10 hadi 15 ni kawaida.

Mwisho, andika kwenye daftari: tarehe, dalili, nambari iliyoonekana kwenye kioo, omu ulizosoma, na kitu kilichobadilishwa. Fundi akikuta maandishi hayo hataanza upya, na itakuwa vigumu kwake kukuuzia bodi usiyoihitaji.