Nyuroanuwai na mkondo wa wengi

Jina la hali ya mwanawe ambalo mzazi anapewa siku ya kwanza ndilo linaloamua fedha zake zitaishia wapi. Mtoto wa miaka minne anaziba masikio honi ya daladala ikilia, haitiki akiitwa, anapanga vizibo vya soda mstari mmoja mchana kutwa. Jirani akisema amerogwa, mbuzi anauzwa, mganga analipwa. Mwalimu akisema ni mtukutu, fimbo inatoka. Mwingine akisema ni mtindio wa ubongo, jina linalobebeshwa hali nyingi zisizofanana, mama anazunguka hospitali hadi hospitali bila kujua anatafuta nini. Akisikia usonji, angalau kuna mlango wa kubisha. Lakini yupo pia binti mwerevu ambaye herufi zinamkataa, na kijana ambaye umakini wake hautulii. Hao wote tunawaitaje kwa pamoja?

Kiingereza kilipata neno lake miaka ya 1990, watu wenye usonji walipoanza kukutana na kuandikiana kupitia intaneti. Mwaka 1993 Jim Sinclair, mwenyewe akiwa na usonji, aliwaomba wazazi wasiwaombolezee watoto walio hai. Mwaka 1998 neno nyurodaivasiti lilionekana katika tasnifu ya Judy Singer, mwanasosholojia wa Australia, na katika makala ya mwandishi wa Marekani Harvey Blume. Kassiane Asasumasu, mwanaharakati wa Marekani, anatajwa kuwa ndiye aliyeunda neno la pili, nyurodaivajenti, la kumtaja mtu mmoja ambaye ubongo wake unafuata njia tofauti. Fikra yenyewe ilipikwa na wengi: bongo za binadamu hazikufyatuliwa kama matofali, na kutofanana huko si ugonjwa.

Neno la kwanza liliigwa kutoka elimu ya viumbe, na hapo Kiswahili kina bahati. Tayari tunasema bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe mahali pamoja. Tukifuata njia hiyohiyo tunapata nyuroanuwai: wingi wa namna ambazo ubongo na mishipa ya fahamu hufanya kazi miongoni mwa watu. Mwanafunzi anayejua bayoanuwai hatapotea.

Ugumu uko kwenye neno la pili. Msitu una anuwai, mti mmoja hauna. Vivyo hivyo darasa lina nyuroanuwai, lakini mwanafunzi mmoja hawezi kuitwa mwenye nyuroanuwai. Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hujikwaa papo hapo. Mzizi wa daivajenti, katika neno hilo la pili, ni wa Kilatini, wenye maana ya kuachana njia. "Mwenye ubongo usio wa kawaida" ni tafsiri ya kukataa, kwa sababu mara tu ukisema kawaida umekwisha kuhukumu. Mimi napendekeza mkondo. Wavuvi wanajua kwamba maji yaleyale ya bahari hupita kwa mikondo mbalimbali, na hakuna anayeuita mmoja mbovu. Huijifunza ili wasizame. Basi tuseme ubongo wa mkondo tofauti, na bongo nyingine tuziite za mkondo wa wengi. Wengi ni hesabu tu. Hakuna sifa ndani yake.

Faida ya istilahi hii inaonekana kwenye chumba cha ushauri nasaha. Watu wenye usonji hupatwa na wasiwasi na sonona zaidi ya watu wengine, na sehemu ya mzigo huo hutokana na kujibana kila siku: kulazimisha macho yatazame, mikono itulie, uso utabasamu. Mshauri anayeona kasoro atauliza, "Tumnyoosheje?" Anayeona mkondo atauliza, "Nini kinakuumiza?" Huduma ya namna ya pili ndiyo ninayoiita huduma ya kumkubali mtu alivyo. Nimeliacha neno kuthibitisha, ambalo ni tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kiingereza, kwa kuwa anayethibitisha hukagua vyeti; na tambuzi limeshachukuliwa na wanasaikolojia kwa kazi nyingine. Kukubali nako kuna hatari yake, kwani tumezoea kukubali matokeo baada ya kushindwa. Ndiyo maana neno alivyo lisidondoshwe. Wala kumkubali mtu si kumnyima tiba. Kifafa, ambacho wakati mwingine huandamana na usonji, kinahitaji dawa. Usingizi uliovurugika unahitaji msaada. Mama aliyechoka anahitaji wa kumpokea mzigo, maana mkono mmoja haulei mwana.

Msaada huo si lazima uwe ghali. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto waliochelewa katika makuzi: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vinavyoweza kuendeshwa na wasio mabingwa. Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua. Mipango yote miwili inasimama juu ya maongezi, na maongezi yanataka maneno ambayo mhudumu na mlezi wote wanayamiliki.

Kwa hiyo istilahi hii nisingependa ipimwe kwenye kongamano. Ipimwe kwenye benchi kama lile, mhudumu wa kujitolea akimwambia bibi aliyemleta mjukuu: "Bibi, hujakosea kumlea. Ubongo wa mtoto huyu una mkondo wake. Tuanze na makelele, maana hayo ndiyo yanayomtesa." Kama bibi ataweza kurudi nyumbani na kumweleza jirani maneno hayohayo bila kuhitaji mkalimani, neno limefanya kazi, na huenda mbuzi akabaki zizini.