Dawa za Mafua na Safari ya Majina Yake

Hapana maradhi yaliyozoeleka kama mafua. Humpata mkubwa na mdogo, tajiri na maskini, na aghalabu mgonjwa wake haelekei hospitali bali jikoni. Huko huchemshiwa tangawizi, akakamuliwa limau, akaongezewa asali na pengine punje mbili tatu za karafuu. Kisha huambiwa anywe ingali moto na ajifunike apate kutoka jasho. Dawa hizi tumezoea kuziita za asili, au za kienyeji. Lakini mwalimu wa Kiswahili akiyachunguza majina yake ataona kwamba nyingi ni wageni waliopokewa zamani, hata wenyeji wakasahau siku waliyobisha hodi.

Tuanze na tangawizi. Mmea huu ulilimwa Asia tangu kale, na katika Kurani Tukufu, Sura ya 76, umetajwa kwa jina la zanjabili. Biashara ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyoufikisha pwani yetu. Baadaye Kiswahili kiliposafiri kwa njia za misafara kutoka pwani hadi Tabora, Ujiji na nchi za Maziwa Makuu, jina nalo lilisafiri. Leo Mganda husema ntangawuuzi, na Mnyarwanda husema tangawizi kama asemavyo mtu wa Bagamoyo. Ndimu nayo ilipofika Rwanda ikavikwa kiambishi cha huko, ikawa indimu.

Pilipili manga inatufundisha jambo jingine. Manga ni jina la zamani ambalo watu wa pwani waliiita Uarabuni, hasa upande wa Omani. Hata hivyo pilipili hiyo haikuota Omani. Asili yake ni pwani ya Malabar, kusini magharibi mwa India. Basi jina halisemi mmea ulikoota, bali lamtaja aliyeuleta. Mwanafunzi akilielewa hili atajua kwamba msamiati ni kumbukumbu ya biashara, na kwamba yafaa kuusoma kwa hadhari.

Karafuu ina habari nzito zaidi. Kwao ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia, na jina lake limetoka katika Kiarabu. Mikarafuu ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, aliihimiza mno hata Unguja na Pemba zikajulikana ulimwenguni kwa zao hilo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi ya mbele. Tusisahau kwamba mashamba hayo yalianzishwa kwa jasho la watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria visiwani humo ila mwaka 1897. Punje tunayoitia katika kikombe cha mgonjwa imebeba historia hiyo pia.

Mgeni wa karibuni zaidi ni mkaratusi, ambao Waganda huuita kalittunsi na Wanyarwanda inturusu. Wengi hudhani mti huu umekuwapo tangu enzi za mababu, kwani milima yetu imejaa. Kumbe kwao ni Australia. Nchini Kenya ulipandwa tangu mwaka 1902 ili upatikane kuni wa kuendeshea garimoshi. Majani yake hayakuchukua muda kuingia katika chungu cha kujifukiza, desturi ambayo Watanzania huiita kupiga nyungu. Wenyeji waliupokea mti mgeni wakautia katika desturi yao wenyewe.

Je, hapana dawa ya mafua iliyo ya hapa kwetu hasa? Ipo. Wanyarwanda na Warundi wanao umuravumba, kichaka cha Afrika chenye majani laini na harufu kali, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Tetradenia riparia. Waganda hukiita kyewamala. Majani yake yametumiwa tangu zamani kwa kikohozi na homa. Waganda pia wanao mujaaja, ambao huutia katika chai. Huo ni wa jamaa moja na kivumbasi na mrihani wa pwani.

Hapa ndipo lilipo jambo linalotuhusu sisi walimu. Majina ya dawa zilizokuja kwa jahazi yamejaa katika vitabu vyetu vya kusomea, ilhali dawa zilizoota nyuma ya nyumba zetu hazina nafasi humo. Mtoto wa mjini anaijua tangawizi ya sokoni, naye hawezi kuutambua umuravumba uliomo uani kwa bibi yake. Bibi akiondoka, jina huondoka naye, na jina likipotea maarifa nayo hupotea. Tena majina yakichanganyika hatari huzuka. Mrihani na mujaaja hufanana kwa harufu, lakini si mmea mmoja. Katika dawa, kukosea jina ni kukosea kitu.

Haifai, hata hivyo, kuzisifu dawa hizi kupita kiasi. Mafua huletwa na virusi, na vile vienezavyo mafua zaidi, viitwavyo rinovirusi, viligunduliwa katika miaka ya 1950. Aina zake zimepita 100. Tangawizi haiviui, wala mvuke hauviui. Mafua hupona yenyewe, kwa kawaida katika siku 7 hadi 10, na kazi ya dawa hizi ni kumpunguzia mgonjwa taabu: kulainisha koo, kutuliza kikohozi na kumrudishia maji mwilini. Hiyo si kazi ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 2001 kuhusu kikohozi na mafua ya watoto wadogo, lilikubali vinywaji salama vya nyumbani vya kulainisha koo. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwani yaweza kumdhuru vibaya. Asikaribishwe kwenye chungu cha maji yanayochemka. Na akihema kwa kasi au mbavu zikibonyea, huenda ni kichomi, apelekwe hospitali pasipo kuchelewa.

Tanzania ilianzisha mwaka 1974, huko Muhimbili, kitengo cha kuchunguza dawa za asili, na wenye maabara wana kazi yao. Sisi kazi yetu ni maneno. Kila mwalimu na awaagize wanafunzi wake wawaulize wazee: mmea huu unaitwaje kwa lugha ya nyumbani, hutumiwa sehemu gani, huandaliwaje, na wazee huonya nini juu yake? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili safi, na jina la kienyeji libakizwe kama lilivyo. Kiswahili kilichoweza kuipokea zanjabili kutoka ng'ambo ya bahari hakiwezi kushindwa kuupokea umuravumba kutoka ng'ambo ya kilima.