Mwano na Mashitaka: Ulinzi wa Jamii katika Nchi ya Bariadi

Katika nchi za Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa, ambazo leo zimo katika mkoa wa Simiyu wenye makao yake makuu mjini Bariadi, ulinzi wa watu na mali ulianza zamani kwa sauti. Ng'ombe wakiibwa, mwenye mali hupiga mwano, yaani yowe lile ambalo kila alisikiaye hulipokea na kulipeleka mbele, na ambalo humpasa kila mwanamume mwenye nguvu kushika silaha na kutoka. Aliyesikia mwano akabaki nyumbani alihesabiwa kuwa ana shauri moja na mwizi. Vijana waliongozwa na basumba batale, na mtu akishikwa, maneno yake yalisikilizwa na banamhala, yaani wazee, na mwisho na ntemi mwenyewe.

Katika baraza hilo aliyesimama kudai ni yule aliyedhulumiwa. Hapakuwa na mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kushitaki kwa niaba ya wote. Hata mtu alipouawa, jamaa zake ndio waliodai njigu, yaani fidia ya ng'ombe iliyolipwa na ukoo wa muuaji. Hans Cory, aliyekusanya sheria na desturi za Wasukuma na kuzitoa katika kitabu mwaka 1953, alizikuta kanuni hizo zingali zikijulikana vema, ingawa wakati huo kesi za mauaji zilikuwa zimekwisha kuondolewa mikononi mwa batemi na kupelekwa Mahakama Kuu.

Huko Mahakama Kuu mambo yalikuwa namna nyingine kabisa. Katika sheria iliyoletwa na Waingereza, kosa la jinai lilikuwa kosa juu ya Mfalme, na tangu mwaka 1962 likawa kosa juu ya Jamhuri. Aliyeibiwa au kufiwa aligeuka kuwa shahidi. Dai lake lilichukuliwa na mtu asiyemfahamu, aliyezungumza kwa lugha asiyoielewa. Kiswahili kilipotafuta jina la mtu huyo hakikumwita mdai, wala hakikuridhika na mshitaki. Kilimwita mwendesha mashitaka. Neno shitaka asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni malalamiko ya mtu aliyeonewa; na kuendesha ni kukifanya kitu kiende. Kwa hiyo jina lenyewe lakiri kwamba malalamiko si ya mwenye kuyaendesha. Hapana shaka jina hili lina ukweli zaidi kuliko kichwa cha hati ya mashitaka, ambacho humtaja Jamhuri na mshitakiwa tu.

Mwaka 1963 utawala wa batemi uliondolewa kwa sheria, na mwaka huo huo mahakama zote za Tanganyika ziliwekwa katika utaratibu mmoja. Ikatungwa pia sheria ya adhabu za chini kabisa, iliyomfunga hakimu asiweze kumpa mwizi wa mifugo adhabu pungufu ya kifungo cha miaka miwili na viboko 24. Katika Mahakama ya Mwanzo hakuwekwa mwendesha mashitaka. Mlalamikaji aliendelea kujisemea mwenyewe, kama mbele ya banamhala. Katika Mahakama ya Wilaya alisimama askari polisi. Jeshi lile lile likawa lakamata, lapeleleza na kushitaki, na hatari ya jambo hilo haikuchelewa kuonekana.

Katika mwaka 1976, baada ya mfululizo wa mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga (na nchi ya Bariadi wakati huo ilikuwa chini ya Shinyanga), polisi na maofisa wa usalama waliwakamata watu wengi, wakawatesa ili wakiri, na baadhi yao wakafa mikononi mwa waliowashika. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na waziri mwenzake pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili wakaacha kazi pia. Kujiuzulu huko hukumbukwa sana, na ni haki kukumbukwa. Lakini lililofuata lilikuwa zito zaidi kwa historia ya mashitaka, ingawa halisimuliwi mara nyingi: maofisa kadhaa walishitakiwa, na mwaka 1980 baadhi yao wakatiwa hatiani. Kwa mara hiyo Jamhuri iliwashitaki watumishi wake yenyewe kwa ajili ya mwanakijiji aliyeteswa, ambaye naye alikuwa mtuhumiwa tu. Ulinzi wa jamii ulionekana kuwa na pande mbili, na upande wa pili haukuweza kukabidhiwa kwa polisi.

Hata hivyo wizi wa mifugo haukukoma. Kesi zilichukua miaka, mashahidi walichoka safari, na aliyeachiliwa kwa kukosekana ushahidi alirudi kijijini akipita mbele ya zizi alilosemwa kulivunja. Ndipo katika miaka ya 1981 na 1982 likazuka sungusungu, kwanza pande za Kahama na Nzega, kisha Usukuma wote. Mwano ukarudi, na faini za ng'ombe, na kumtenga mtu asisalimiwe wala kupewa moto. Wezi walipungua, jambo ambalo hata wasiolipenda sungusungu hawakulikana. Lakini watu walipigwa, na wengine wakauawa, bila ya kusikilizwa. Waendesha mashitaka wakawa katika dhiki, kwani mauaji ni mauaji, na waliotakiwa kushitakiwa ni wale wale waliosifiwa na viongozi wa Chama. Mwaka 1989 sheria ililitambua sungusungu na kulipa uwezo wa kukamata kama mgambo. Uwezo wa kuhukumu haukutolewa, na mpaka huo ulivukwa mara nyingi.

Yako makosa ambayo mwano hauyafai kitu, kwa kuwa wenye kuupiga huwa wamegawanyika. Kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa katika Usukuma. Nani angepiga yowe, ikiwa jirani aliona kwamba aliyekufa alistahili? Hali kadhalika mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoenea tangu mwaka 2007. Mwishoni mwa mwaka 2009 Mahakama Kuu huko Shinyanga iliwahukumu kifo watu wanne kwa kumwua mwanamume mwenye ualbino wilayani Bariadi. Kesi ya namna hiyo isingaliweza kuendeshwa na jamaa wa marehemu peke yao.

Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalimweka Mkurugenzi wa Mashitaka katika ibara yake mwenyewe, yakimtaka asiingiliwe na mtu yeyote. Sheria ya mwaka 2008 ilianza kuwatoa polisi katika kuendesha kesi na kuweka mawakili wa serikali, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashitaka ikasimama peke yake. Mkoa wa Simiyu ulikuwa umezaliwa mwaka 2012. Kwa kuwa unapakana na Serengeti, majalada yake mengi ni ya ujangili. Januari 2016 Roger Gower, rubani Mwingereza, alipigwa risasi na majangili wa tembo akiwa katika helikopta juu ya pori la akiba la Maswa, naye akafa. Watuhumiwa wakafikishwa mahakamani Bariadi.

Katika kesi hizi ndipo kazi ya mwendesha mashitaka huonekana kwa udogo wake wote. Nyama ya pundamilia haiwezi kungoja siku ya kesi. Huoza, na lazima iteketezwe kwa amri ya hakimu. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kabla ya kuteketezwa, mshitakiwa sharti afikishwe mbele ya hakimu, aione nyama hiyo na kusema alilo nalo. Tangu hapo wengi waliofungwa wameachiliwa kwa sababu ya karatasi moja tu iliyoandikwa bila ya wao kuwapo. Mlinzi wa pori aliyelala siku tatu porini kumvizia jangili huona kwamba amenyang'anywa kazi yake. Wakili wa serikali ayajua hayo, naye aghalabu ndiye wa kwanza kulisoma jalada, na kulirudisha kwa mpelelezi, kabla nyama haijafukiwa.