Ratiba ya Basi Ilivyotoka Ofisini: Hadithi ya GTFS

Watu hudhani simu ikikuonyesha basi la kupanda ni uchawi wa Google. La hasha! Ni faili chache za maandishi matupu, na zina historia inayotugusa hata sisi wa Nairobi.

Turudi 2005. Mjini Portland, jimbo la Oregon, Marekani, mabasi huendeshwa na shirika la umma liitwalo TriMet. Bibiana McHugh, wa idara ya teknolojia hapo, alikerwa na jambo moja: katika mji usioujua, kupata njia ya gari mtandaoni ilikuwa rahisi, lakini kupata njia ya basi ilikuwa jasho. Akawasiliana na Google. Huko mhandisi Chris Harrelson alikuwa tayari akichezea wazo kama hilo. TriMet ikatoa data, na Desemba 2005 huduma ikazinduliwa, Portland ikiwa mji wa kwanza. Mwaka 2006 miji mingine mitano ikaingia, na muundo wa data, GTFS, ukachapishwa wazi.

Wenzangu waandishi wa programu, tazameni ulivyo mwepesi. Vituo vimo katika stops.txt, njia katika routes.txt, safari katika trips.txt, na saa katika stop_times.txt. Koma hutenganisha kila kitu, kisha unafunga zote kwa zip. Basi! Hata karani anaweza kuzirekebisha kwa programu ya majedwali. Kuna na kituko chake: basi la saa saba na nusu usiku linaweza kuandikwa 25:30:00, kwa kuwa bado linahesabiwa katika kazi ya jana.

Lakini nguvu haikuwa katika koma. TriMet haikumpa Google peke yake. Iliiweka data wazi, yeyote aichukue. Kwingine mambo yalikuwa magumu. Mwaka 2009 shirika la usafiri la New York, MTA, lilivutana na watengenezaji wa programu za simu kuhusu malipo ya kutumia ratiba zake. Mwaka 2010 likafungua data. Hata herufi G, ambayo mwanzoni ilisimamia Google, baadaye ikageuzwa kumaanisha muundo wa jumla.

Sasa njoo nyumbani. Matatu hazina ratiba, na hapakuwa na faili ya kuomba. Mradi wa Digital Matatus, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT, Columbia na Groupshot, uliwatuma wanafunzi wapande matatu wakiwa na simu zenye GPS, wakirekodi steji moja baada ya nyingine. Zaidi ya njia 130 zikapatikana. Ramani ikatoka 2014, na Agosti 2015 njia hizo zikaingia Google Maps. Data ikatolewa bure.

Hongera zao. Ila tofauti ni hii: Portland, mwenye mabasi ndiye aliyetoa faili, na ratiba ikibadilika ndiye anayejua kwanza. Nairobi, kazi ilifanywa na wageni wema na wanafunzi. Steji ikihamishwa leo, mwenye amri ni kaunti, lakini faili haiko mezani kwake. Data ya namna hiyo huchacha kama maziwa, na abiria ndiye anayeachwa barabarani akingoja matatu isiyopita hapo tena. Kufungua data ni siku moja. Kuitunza ni kazi ya kila siku, na kazi hiyo haikodishwi kwa mgeni.