Kovu la moto kwa mtoto: seli za damu zina kazi gani?

Mtoto akiungua kwa chai au uji wa moto, jeraha linaweza kupona lakini likaacha kovu. Kovu hilo halitokani na ngozi peke yake. Damu nayo inahusika.

Nini hutokea ndani ya jeraha?

Mwili hutuma seli nyeupe za damu kwenye jeraha. Za kwanza hupambana na vijidudu. Kisha hufika nyingine ziitwazo monosaiti, zinazotengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Zikishaingia kwenye jeraha hugeuka kuwa makrofaji: hula seli zilizokufa na kuziashiria seli za ngozi zitengeneze kolajeni, yaani nyuzi imara zinazoziba pengo. Mwaka 1994 wanasayansi walieleza pia faibrosaiti, seli za damu zinazoweza kutengeneza kolajeni zenyewe.

Bila kolajeni jeraha halifungi. Tatizo huanza jeraha linapochelewa kupona au linapopata maambukizi. Seli huendelea kuja, kolajeni huzidi, na kovu huinuka, huwasha na kukaza. Likiwa kwenye kiwiko, vidole au shingo, mtoto anaweza kushindwa kunyoosha sehemu hiyo.

Mama au mlezi, fanya haya:

- Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu. Mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi.
- Vua nguo na bangili zilizo karibu, ila usibandue kilichogandia kwenye ngozi.
- Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Usipasue malengelenge.
- Funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya. Usichelewe kama ameungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, au kama ni mtoto mchanga.
- Jeraha likitoa usaha au harufu, mtoto akipata homa, au wiki 2 zikapita bila kufunga, mrudishe kituoni.

Jeraha likishafunga

Likande kovu taratibu kwa mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato, likinge na jua, na mnyooshe mtoto kiungo kila siku kama ulivyoelekezwa kituoni. Kovu huendelea kubadilika kwa mwaka 1 hadi 2, hivyo usiache mazoezi mapema. Ukiona kiungo kinaanza kujikunja, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke mara moja.