Kosa la mwinuko wakati ndege inapoondoka

Ni hali ya rubani kupita kimo alichopangiwa baada ya kuruka, kutokifikia, au kushuka wakati ndege ilipaswa kupanda. Chanzo cha kawaida ni altimita iliyowekwa vibaya; hiki ni kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa na kuutafsiri kuwa futi. Kila hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo huo) iliyokosewa huleta tofauti ya futi 27 hadi 30. Rubani akiiacha altimita kwenye hektopaskali 1013 mahali penye 1003, kifaa kitamwonyesha yuko juu kwa karibu futi 300 kuliko alipo kweli. Chanzo kingine ni kusikia vibaya namba ya mwongoza ndege.

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania hazisamehe kosa hilo. Uwanja wa Songwe, uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa Mbeya mwaka 2012, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na kusini-mashariki yake Mlima Rungwe unakaribia mita 2,960. Huku, kama ilivyo katika wilaya yote ya Mufindi, hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na mabawa, na ukungu huficha vilima.

Mfano mchungu zaidi kwa Afrika Mashariki ni safari namba 431 ya Kenya Airways, Abidjan, 30 Januari 2000. Onyo la ndege kupoteza uwezo wa kuelea lililia kimakosa mara tu ilipoacha ardhi. Rubani msaidizi aliinamisha pua, usiku, juu ya bahari isiyo na taa. Ndege ilianguka baharini; kati ya watu 179, walinusurika 10.